Picha ya Ndege kama Ushahidi: Ushauri kwa Mtazamaji wa Ndege wa Afrika Mashariki

Picha ya ndege wa porini, hata iwe ya kuvutia namna gani, haijakamilika mpaka iambatane na habari tatu: ndege alionekana wapi, alionekana lini, na alikuwa akifanya nini. Bila habari hizo picha hubaki kuwa pambo. Ikiwa nazo hugeuka ushahidi, yaani kielelezo ambacho mtu mwingine, awe jirani wa leo au mtafiti wa miaka hamsini ijayo, anaweza kukitegemea ili kujua hali ya viumbe wa mahali fulani katika majira fulani. Shahidi mwema hutakiwa mambo mawili, kusema kweli na kutomdhulumu yule anayetolewa habari zake, na mambo hayo mawili ndiyo msingi wa ushauri wote unaofuata, kuanzia uchaguzi wa lenzi hadi namna mtazamaji anavyowaeleza wenzake kile alichokiona.

Thamani ya ndege wa kila siku

Afrika Mashariki imejaliwa ndege wengi. Kenya na Tanzania kila moja ina zaidi ya aina 1,000, na kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha mwaka 2002, kinachozihusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, kinaeleza zaidi ya aina 1,300. Wingi huo huwafanya watazamaji wengi wadhani kwamba ndege anayestahili kupigwa picha yuko mbali, katika hifadhi za wanyama, katika misitu ya Usambara, au kisiwani Pemba ambako kuna aina nne zisizopatikana kwingine kokote duniani, ilhali shorwe anayeimba alfajiri juu ya mpapai, chozi anayefyonza maua ya mgomba na shomoro wa darini hawahesabiwi kuwa habari. Dhana hiyo ina hasara kubwa, kwa sababu ndege adimu hutafutwa na wengi na huandikwa na wengi, lakini ndege wa kawaida hupungua polepole mbele ya macho ya watu wasioandika lolote, na siku anapokuja kuulizwa huwa hakuna anayeweza kusema alianza kutoweka lini.

Kunguru ni mfano ulio wazi. Kunguru wa India, mwembamba wa umbo na mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kwa matumaini kwamba angesaidia kuondoa taka za mji. Leo amejaa Mombasa, Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, ambako hula mayai na makinda ya ndege wengine, na kunguru wa asili mwenye kifua na ukosi mweupe amekuwa adimu pale mgeni huyo aliposhamiri. Kuenea kwake kutoka mji hadi mji kunajulikana kwa sababu wako watu walioona haja ya kuandika kwamba wamemwona kunguru, jambo ambalo wengine wangeliona halina maana. Hata sasa picha moja ya kunguru huyo katika mji wa bara ambako hajazoeleka, ikiwa na tarehe na mahali, huwa na uzito kuliko picha nyingi za tai zilizopigwa katika hifadhi inayotembelewa kila siku.

Ndivyo ilivyo pia kwa mbayuwayu wa Ulaya, anayejulikana kwa wataalamu kama Hirundo rustica, ambaye huingia Afrika Mashariki kuanzia Septemba na kurejea kaskazini takriban Machi na Aprili. Mtu anayeandika kila mwaka siku alipomwona mbayuwayu wa kwanza juu ya waya wa umeme, na siku alipomwona wa mwisho, hujikusanyia baada ya miaka kumi kumbukumbu ambayo hakuna mgeni awezaye kuipata kwa ziara ya wiki mbili.

Vifaa vinavyotosha

Kifaa cha kwanza cha mpiga picha wa ndege ni darubini ya macho mawili, kwa kuwa ndege hupaswa kuonwa na kutazamwa kabla ya kupigwa picha. Darubini hutajwa kwa namba mbili, kwa mfano 8x42. Namba ya kwanza huonyesha ni mara ngapi kitu hukuzwa, na ya pili huonyesha kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, ambacho huamua kiasi cha mwanga unaoingia. Darubini ya 8x42 humfaa anayeanza, kwa sababu ile inayokuza zaidi hutetemeka zaidi mikononi na huonyesha eneo dogo, na ndege mdogo anayerukaruka kichakani humpotea mtazamaji kabla hajamlenga.

Kwa upande wa kamera, jambo la msingi ni urefu wa fokasi, yaani kipimo cha uwezo wa lenzi kukivuta karibu kitu kilicho mbali, ambacho nacho hutajwa kwa milimita. Lenzi ya milimita 300 ni mwanzo mzuri, na lenzi za kuanzia 400 hadi 600 ndizo hutumiwa zaidi na waliozoea kazi hii. Ambaye hana uwezo wa kununua lenzi za namna hiyo anaweza kutumia kamera ndogo zenye lenzi isiyobanduliwa lakini inayovuta mbali sana, au akaweka simu yake nyuma ya kioo kimoja cha darubini, jicho la kamera ya simu likikaa katikati ya kioo hicho na mkono ukiegemea mti au ukuta. Picha ya namna hiyo huenda isifae kutundikwa, lakini mara nyingi hutosha kabisa kumtambulisha ndege, na kwa makala haya kutambulisha ndilo jambo la kwanza. Kifaa cha tatu, ambacho wengi hukisahau, ni daftari dogo na kalamu, au sehemu ya simu ya kuandikia, kwa sababu kumbukumbu ya jioni haiaminiki kuhusu yaliyoonwa asubuhi.

Mwanga, saa na subira

Karibu na ikweta jua huchomoza na kupanda haraka, kwa hiyo muda wa mwanga laini ni mfupi kuliko ule wa nchi za kaskazini. Mwanga unaofaa zaidi hupatikana takriban kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:00 asubuhi, na tena kuanzia saa 10:00 jioni hadi jua lizamapo. Katika saa hizo mwanga hutoka ubavuni, hufikia tumbo na jicho la ndege, na manyoya huonyesha rangi yake halisi. Mchana jua huwa utosini, likiacha kivuli kizito chini ya kichwa na kifua, na hewa inayopanda kutoka katika ardhi yenye joto hutetemeka kiasi kwamba ndege aliye mbali huonekana kama yuko nyuma ya maji. Hakuna lenzi wala programu iwezayo kuuondoa mtetemo huo, na dawa yake ni kumkaribia ndege au kuahirisha kazi.

Ufukweni saa huamuliwa na maji pia. Katika hori ya Mida karibu na Watamu, kama ilivyo katika fukwe nyingine zenye tope na mikoko, ndege wa pwani hutawanyika mbali sana maji yanapokupwa, kisha husogezwa kuelekea nchi kavu kadiri maji yanavyojaa. Mpiga picha anayefika saa mbili kabla ya maji kujaa, akachagua mahali pa kuketi huku jua likiwa mgongoni, akatulia, huletewa ndege na bahari yenyewe, ilhali anayewafuata kwa miguu topeni huwafukuza mchana kutwa. Kanuni hiyo hufaa pia katika bustani na mashamba: anayejua mti unaozaa au dimbwi linalonywewa, akakaa kimya karibu nalo kwa nusu saa, hupata zaidi ya anayetembea. Gari nalo ni kificho kizuri, kwa kuwa ndege wengi hawaliogopi kama wanavyomwogopa mtu aliyesimama, mradi injini izimwe na lenzi iegemezwe dirishani juu ya mfuko mdogo wa mchanga au wa maharagwe.

Kimo cha mpiga picha nacho kina athari. Ndege aliyepigwa kutoka juu huonyesha mgongo tu, na aliyepigwa kutoka chini ya mti huonyesha tumbo tu. Anayejishusha mpaka usawa wa jicho la ndege, hata ikibidi kulala kifudifudi mchangani, hupata umbo kamili pamoja na uso.

Mipangilio ya kamera

Mambo matatu huamua mwanga wa picha. La kwanza ni kasi ya shata, yaani muda ambao kilango cha kamera hukaa wazi: ndege aliyetulia huhitaji takriban 1/500 ya sekunde, na anayeruka huhitaji 1/2000 au zaidi, kwa sababu bawa la ndege mdogo huenda mbio kuliko macho yanavyodhani. La pili ni upana wa tundu la lenzi, unaotajwa kwa herufi f, ambapo namba ndogo kama f/5.6 humaanisha tundu pana na f/8 tundu jembamba zaidi. Tundu pana huingiza mwanga mwingi na kuyafifisha majani ya nyuma ili ndege ajitokeze, lakini hupunguza kina cha eneo linaloonekana wazi. La tatu ni ISO, yaani kiwango cha kamera kukuza mwanga ilioupokea, ambacho kikipandishwa sana huleta chembechembe katika picha. Anayeanza afadhali avumilie chembechembe kuliko ukungu wa mtikisiko, kwa maana picha yenye chembechembe bado huonyesha alama za manyoya, na iliyotikisika haionyeshi kitu.

Kamera hupima mwanga wa mandhari yote, kwa hiyo hudanganyika kirahisi na ndege weupe au weusi. Yangeyange aliyesimama juani mbele ya maji meusi hutoka kama doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja, mpaka mpiga picha apunguze mwanga kwa stopu moja, stopu ikiwa ni kipimo ambacho kila kikiongezwa mara moja huzidisha mwanga maradufu na kila kikipunguzwa mara moja huugawa nusu. Kinyume chake, mwewe anayezunguka mbele ya anga jeupe hutoka kama kivuli, na huhitaji kuongezewa stopu moja hadi mbili. Fokasi ilengwe jichoni daima, na kamera iwekwe katika hali ya kumfuata ndege anayesogea badala ya kuganda pale ilipolengwa mara ya kwanza. Kamera yenye uwezo wa kuhifadhi faili ghafi, yaani picha ambayo bado haijabanwa wala kupambwa na kamera, itumiwe hivyo, kwa kuwa faili hiyo huruhusu mwanga urekebishwe baadaye na hubaki kuwa asili ya kurejelea endapo utambuzi utabishaniwa.

Picha inayotambulisha

Tofauti kubwa kati ya picha nzuri na picha yenye manufaa huonekana wakati wa kutambua aina. Ndege wengi hutofautishwa kwa alama ndogo ambazo mpiga picha asiyezijua huziacha nje ya fremu. Kati ya yangeyange na jamaa zake weupe, mmoja ana mdomo mweusi, miguu myeusi na nyayo za manjano, na mwingine, yule afuataye ng'ombe malishoni, ana mdomo wa manjano na shingo fupi. Picha isiyoonyesha miguu huenda isimalize swali. Mdiria mweusi na mweupe, Ceryle rudis, anayeelea hewani juu ya maji kabla ya kupiga mbizi, ana mikanda miwili kifuani akiwa dume na mkanda mmoja akiwa jike, jambo lisiloweza kujulikana kwa picha ya mgongo. Midiria wadogo wawili wa rangi ya buluu na chungwa huwachanganya wengi zaidi: kwa Corythornis cristatus, akaaye kwenye matete ya majini, utosi wa buluu hushuka mpaka kwenye jicho, na kwa Ispidina picta, ambaye mara nyingi hukaa vichakani mbali na maji akila wadudu, kuna mstari wa rangi ya chungwa unaoutenga utosi na jicho. Heroe mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, na heroe mdogo ana mdomo wa rangi nyekundu iliyokolea. Kundi likiwa mbali, mdomo ndio wa kutafutwa.

Kutokana na mifano hiyo hupatikana utaratibu mmoja wa kufaa kila mara. Picha ya kwanza ipigwe mara tu ndege anapoonekana, hata akiwa mbali na mwanga ukiwa mbaya, kwa sababu huenda isiwepo ya pili. Kisha zitafutwe picha za ubavu, za mbele, za mgongo, na ikiwezekana ya mabawa na mkia vikiwa vimekunjuliwa, kwa maana ndege wengi huficha alama zao wanapotua. Ipigwe pia picha pana inayoonyesha mti, maji au shamba alimokuwa, kwa sababu makazi ni sehemu ya utambuzi. Picha zenye ukungu zisifutwe kabla ya jina kuthibitishwa, kwani mara nyingine ile inayochukiza macho ndiyo pekee inayoonyesha rangi ya kiuno. Sauti nayo irekodiwe kwa simu inapowezekana. Wako ndege, hasa bundi na wale wa majanini msituni, ambao wimbo huwatofautisha waziwazi kuliko manyoya.

Ndege mwenye pete mguuni anastahili uangalifu wa pekee. Watafiti huwafunga ndege pete nyepesi zenye namba ili kufuatilia safari zao. Huko Ngulia, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, kazi hiyo imekuwa ikifanywa tangu mwaka 1969 kwa ndege wahamao wanaopita wakati wa ukungu na mvua za mwisho wa mwaka. Picha kadhaa za mguu huo kutoka pande mbalimbali zinaweza kuunganishwa ili namba isomeke yote, na hapo picha ya mtu wa kawaida huunganisha nchi mbili au mabara mawili.

Haki za ndege na za wenyeji

Shahidi hamdhuru anayemshuhudia. Ndege anayeacha kula, anayenyosha shingo, anayelia kwa sauti ya hofu au anayejiburuta kama aliyevunjika bawa anatoa taarifa kwamba mtu amekaribia mno, na taarifa hiyo hupasa kutiiwa kwa kurudi nyuma papo hapo. Kiota kina sheria kali zaidi. Matawi yanayokificha yasikatwe wala kukunjwa, kwani makinda yaliyofunuliwa hupigwa na jua na kuonwa na kunguru na nyoka; na mzazi anayerandaranda na chakula mdomoni bila kuingia kiotani anamwacha kinda wake na njaa kwa sababu ya mtu aliyesimama pale. Kupiga sauti iliyorekodiwa ili kumwita ndege humfanya dume aamini kwamba mpinzani ameingia katika eneo lake, akaacha malisho na ulinzi kwa ajili ya vita visivyokuwapo, na katika majira ya kutaga afadhali jambo hilo liachwe kabisa.

Ndege waliokusanyika kupumzika maji yanapojaa nao wasirushwe ili kupata picha ya kundi angani. Wengi wao wanahifadhi mafuta mwilini kwa safari ndefu. Miongoni mwao ni yule wa rangi nyeusi na nyeupe mwenye mdomo mzito mweusi, Dromas ardeola, ambaye hupitisha sehemu ya mwaka Mida na fukwe nyingine za Afrika Mashariki akila kaa, kisha huzaliana kwenye fukwe za Arabuni, zikiwemo za Oman na Ghuba, katika mashimo anayochimba mchangani. Mtazamaji wa Watamu na mtazamaji Mswahili wa Maskati wanaweza kuwa wanampiga picha ndege huyohuyo katika nyakati mbili za mwaka, na kila mmoja ana wajibu wa kumwacha na nguvu za kumfikia mwenzake.

Heshima hiyo huwahusu watu pia. Anayeingia shambani, kijijini au kwenye diko la wavuvi na kamera kubwa hupaswa kusalimu kwanza, kuwaamkia wazee kwa shikamoo, kueleza alichokuja kukifanya na kuomba ruhusa, kwani kamera isiyoelezwa huzaa shaka. Aepuke kuielekeza kwenye kambi, viwanja vya ndege na majengo ya ulinzi, hata kama ndege ametua juu ya ukuta wa mahali hapo, na katika hifadhi afuate masharti ya wahusika. Baada ya kupiga, awaonyeshe wenyeji picha kwenye kioo cha kamera na kuwauliza ndege huyo kwao huitwaje. Majina ya Kiswahili mara nyingi hutaja jamii nzima, kwa mfano mdiria au chozi, ilhali lugha za Wagiriama, Wadigo au Wasambaa zinaweza kuwa na jina la aina moja pamoja na maarifa ya tabia zake. Jina hilo liandikwe daftarini kando ya jina la kitaalamu, kwa maana nalo ni ushahidi, tena wa aina inayopotea pamoja na wazee.

Kuandika na kuwashirikisha wengine

Kumbukumbu inayofaa huwa na tarehe, saa, mahali palipotajwa kwa usahihi, idadi ya ndege, walichokuwa wakikifanya, na jina, likiwemo la kitaalamu, ambalo lina sehemu mbili za Kilatini na hueleweka Nairobi, Bujumbura na London vilevile. Idadi ikadiriwe kwa namba, kwa maana neno "wengi" halina maana moja kwa watu wawili. Iliyo bora zaidi ni orodha kamili, yaani orodha ya kila ndege aliyetambuliwa katika muda uliotajwa, kwa sababu orodha ya namna hiyo hueleza hata wasiokuwapo: saa mbili za kuangalia bila kumwona shomoro hata mmoja ni habari, lakini hujulikana tu ikiwa mwandishi hakuwabagua ndege wa kawaida.

Njia za kuzipeleka kumbukumbu hizo zipo. eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Maabara ya Ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani pamoja na jumuiya ya Audubon, hupokea orodha na picha kutoka popote duniani. Ramani ya ndege ya Kenya, iitwayo Kenya Bird Map, huigawa nchi katika pentadi, yaani miraba ya dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo, ambayo kila upande wake ni kama kilomita 9. Anayeandika orodha kamili hutakiwa kutazama kwa saa mbili au zaidi ndani ya mraba mmoja, na anaweza kuongeza aina mpya kwenye orodha hiyohiyo hadi siku tano. Tanzania nayo ina mradi wa muda mrefu wa atlasi ya ndege. Ambaye hapendi kujifunza peke yake atafaidika na matembezi ya pamoja. Mjini Nairobi matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama chenye asili yake mwaka 1909, yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1971, na kila Januari watu wa kujitolea huhitajika katika kuhesabu ndege wa maji kwenye maziwa.

Katika kushirikishana, ukweli hutangulia sifa. Picha inaweza kukatwa kingo na kurekebishwa mwanga, lakini kuondoa tawi, kuongeza ndege au kubadilisha rangi ni kughushi, na ndege wa kufugwa au aliyevutiwa kwa chakula au kwa sauti hupasa kutajwa hivyo. Asiye na hakika ya jina aandike anachokiona na aseme kwamba hakuthibitisha, kwa sababu swali lililo wazi hujibiwa, na jina lililobahatishwa hunakiliwa na wengine mpaka likaonekana kweli. Aliyetangulia kwa ujuzi naye anapomsahihisha anayeanza ataje alama iliyomwongoza, kwa mfano utosi uliofika jichoni au nyayo za manjano, ili mwanafunzi aondoke na elimu badala ya fedheha. Kundi la watazamaji ambalo wageni wake huogopa kukosea hupokea picha chache, na zile chache huwa ni za ndege ambao kila mtu anawajua tayari.

Habari zinazofaa kusitiriwa

Si kila ushahidi hutangazwa mahali pa wazi. Simu nyingi huandika ndani ya faili ya picha alama za mahali ilipopigwa, na anayeipokea anaweza kuzisoma hata kama mtumaji hakuandika neno. Kwa ndege wa kawaida hilo ni faida. Kwa anayewindwa ni mtego. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo na Uganda amenaswa kwa wingi kwa ajili ya biashara, kiasi kwamba mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini. Korongo mwenye taji, ambaye ni nembo ya Uganda, amehesabiwa kuwa katika hatari ya kutoweka, na miongoni mwa sababu zake ni makinda kuchukuliwa ili kufugwa kama mapambo ya nyua; nchini Rwanda imebidi waliofugwa waorodheshwe na wengine warejeshwe porini huko Akagera. Bundi naye, kwa kuhofiwa kuwa ndege wa uchuro, huweza kuuawa pindi mahali pake panapojulikana. Kwa ndege wa namna hiyo, na kwa kiota cha ndege yeyote adimu, alama za mahali ziondolewe kabla ya picha kutumwa, mahali patajwe kwa jina la wilaya au kaunti tu, picha icheleweshwe mpaka makinda waruke, na habari kamili wapewe watafiti na wahifadhi wa eneo hilo.

Manufaa ya kazi hii ya uangalifu yanaonekana katika habari ya mnana wa Kilifi, Ploceus golandi, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1913 na anayepatikana katika eneo dogo tu la kaskazini mwa Mombasa, hasa msitu wa Arabuko-Sokoke na nyika ya miti ya Dakatcha. Kwa karne nzima alionekana, akahesabiwa na kupigwa picha, na bado hapakuwa na aliyejua anajenga wapi, mpaka mwaka 2013 viota vyake vilipopatikana Dakatcha katika kinamasi kinachojaa maji wakati wa mvua, kwa ushirikiano wa wapenzi wa ndege na wanakijiji wa kikundi cha uhifadhi cha mahali hapo. Ujuzi huo ndio ulioonyesha kwamba kukilinda kinamasi ni sehemu ya kumlinda ndege wa msituni. Katika vijiji vingine vya Afrika Mashariki maswali ya namna hiyo bado yako wazi kuhusu ndege waliozoeleka kuliko mnana wa Kilifi, na hatua ya kuyajibu ni ndogo kiasi cha kuwezekana kesho asubuhi: kukaa nusu saa chini ya mti mmoja, kumpiga picha kila ndege anayetua, na kuandika tarehe kabla ya kuinuka.